Njia ya Ulyankulu: Waliohama, Waliohamia na Waliohamishwa

Kamati ya toleo hili la kumbukumbu ilipotugawia kurasa hizi, ilitarajia tuandike habari zilizozoeleka katika sherehe za namna hii: nani alitoa ardhi, nani alichanga saruji, nani alishika uenyekiti baada ya nani. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine, na zimeandikwa vizuri. Sisi tumeomba ruhusa ya kuandika juu ya njia iliyotuleta. Hekalu lililojengwa na watu waliotoka ng'ambo haliwezi kueleweka pasipo kuuelewa uhamaji wenyewe. Na majirani zetu wa Ulyankulu, ambao wengi wao watalisoma toleo hili, nao ni watu wa njia kama sisi.

Kiswahili kimetutangulia katika kulifikiria jambo hili. Shina moja tu, hama, linabeba karibu elimu nzima. Anayehama anaacha mahali. Anayehamia anafika mahali. Anayehamishwa ameondolewa kwa mkono wa mwingine, na anayehamahama huifuata mvua na malisho bila kunuia kukaa. Pembeni yake pana kukimbia, na ndani ya kukimbia pana kukimbilia, maana hakuna mkimbizi asiye na mahali anapopaelekea kwa matumaini. Kisha lipo neno kulowea, yaani kukaa ugenini hadi ugeni ukaisha. Neno hilo lina bahati mbaya: wakoloni wenye mashamba makubwa waliitwa walowezi, na leo maofisa wa uhamiaji wanawaita walowezi wale walioingia nchini zamani na kukaa miaka mingi bila hati. Tajiri na maskini wamepewa jina moja, kila mmoja kwa sababu yake.

Wataalamu wa jiografia wanazungumza kuhusu nguvu zinazosukuma na nguvu zinazovuta. Njaa, vita na ukosefu wa ardhi husukuma. Biashara, ajira na amani huvuta. Wanatenganisha uhamaji wa hiari na wa lazima, wa msimu na wa kudumu, wa ndani ya nchi na wa kuvuka mipaka. Mwaka 1885 mjini London, Ernst Georg Ravenstein, mchora ramani mzaliwa wa Frankfurt, alichapisha kanuni zake za uhamaji. Alisema kwamba wengi huhama umbali mfupi, kwamba waendao mbali huelekea vituo vikubwa vya biashara na viwanda, na kwamba kila mkondo wa wahamaji huzaa mkondo wa kurudi. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mtu huyohuyo, miaka michache kabla, alikuwa amechora ramani kubwa ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Njia ya Tabora aliifahamu kwa karatasi. Kanuni zake alizipata kwa kuhesabu watu wa Uingereza, lakini angeweza kuzipata Unyanyembe, na pengine angezipata zikiwa na uhai zaidi.

Jina la Wanyamwezi lenyewe ni jina la safari. Inaelezwa kwamba watu wa pwani ndio waliowaita hivyo, wakimaanisha watu wa magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana kwanza. Kabla mfanyabiashara yeyote wa pwani hajafika bara, misafara ya Wanyamwezi ilikwisha kuteremka pwani ikiwa na pembe za ndovu. Katika karne ya 19 kazi ya upagazi ilikuwa kwao kazi ya heshima, na kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa kuwa hajapevuka. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi, akimfuata kirangozi, akapita vituo vilivyodai hongo, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 800 kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Safari za watu waliojua njia zilikuwa fupi kuliko hiyo. Wengi waliondoka baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla mvua za kupandia hazijaanza. Hapa ndipo tunapouona uhamaji wa mzunguko: mtu anaondoka ili aweze kubaki. Nguo na shanga alizozipata pwani zilikuwa mahari, ng'ombe na jembe la nyumbani.

Lakini si wote waliorudi. Katika miaka ya 1850 Msiri, kijana wa Unyamwezi aliyeifuata biashara ya shaba na pembe, alilowea Katanga, akajenga dola ya Garenganze yenye makao yake Bunkeya, akaitawala mpaka alipouawa mwaka 1891. Wafuasi wake ndio Wayeke wa Kongo ya leo. Tunamtaja kwa sababu katika simulizi za barabara hii mwenyeji wa Tabora huchorwa kila mara akiwa amesimama mlangoni kupokea wageni. Msiri anatukumbusha kuwa mwenyeji huyo naye alikuwa mgeni wa watu, tena mgeni mwenye nguvu.

Sasa tuwatazame wa kwetu. Mhindi aliyetajwa mapema zaidi katika habari za Tabora ni Musa Mzuri, Mwislamu wa Surat, ambaye Burton na Speke walimkuta ni mfanyabiashara mwenyeji aliyekwisha kukaa bara miaka mingi. Wahindu hawakutangulia kufika huku. Walibaki Zanzibar na katika miji ya pwani, wakishika daftari. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ya Wabhatia wa Kutch, ilikodi forodha ya Zanzibar kutoka kwa masultani kwa miongo kadhaa, na wakala wake, Ladha Damji, alijulikana na kila msafiri aliyehitaji mkopo. Kaniki iliyovaliwa Unyamwezi ilitoka India. Merikani, kama jina linavyosema, ilitoka Marekani. Hivyo Mbaniani aliyeketi Zanzibar alikuwa ndani ya msafara wa Tabora ingawa mguu wake haukukanyaga vumbi lake. Mtaji nao huhama, na aghalabu hutangulia mwenyewe.

Kusitasita kwa Wahindu kulikuwa na sababu ya kidini pia. Kwa matabaka mengi, kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa unajisi, na aliyerudi alitakiwa atakaswe. Kwa muda mrefu wanaume wa Kibaniani waliishi Zanzibar bila wake zao. Walikuja vijana, wakafanya kazi miaka kadhaa, wakarudi Kutch au Kathiawar kuoa na hatimaye kuzeeka. Nao walikuwa wahamaji wa mzunguko, sawa na mpagazi wa Kinyamwezi, ila mzunguko wao ulikuwa mpana na uliendeshwa na pepo za kaskazi na kusi. Pale wanawake walipoanza kuja ndipo mahekalu yakajengwa. Mwanamume peke yake huridhika na picha ya mungu juu ya sanduku la fedha. Familia huhitaji mahali pa kuozeshea mabinti.

Haifai kuyapita mambo ya aibu. Mikopo ile iliyonunua kaniki ilinunua pia baruti, na misafara iliyobeba pembe iliwakokota watu. Tabora ilikuwa kituo cha wafanyabiashara ya watumwa, na baadhi ya Wahindi wa Zanzibar, wa dini mbalimbali, walimiliki watumwa mpaka balozi wa Uingereza, Rigby, alipowalazimisha kuwaacha huru mwaka 1860. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa 1873. Huo nao ni uhamaji: uhamaji wa mtu asiyeulizwa. Wazao wa watu hao wako Tabora na pwani, na wengi hawana daftari la kuonyesha babu alitoka kijiji gani, ilhali sisi tunaweza kutaja vijiji vyetu vya Gujarat kizazi baada ya kizazi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kuhama na kuhamishwa.

Ulyankulu yenyewe inaingia katika vitabu vya wasafiri kwa mlango wa vita. Mtemi Mirambo, aliyezaliwa karibu mwaka 1840, alirithi Uyowa kwa baba yake kisha akaunganisha Ulyankulu na nchi nyingine za jirani. Nguvu yake ilikuwa tunda la uhamaji. Wangoni waliokuwa wamevuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiikimbia misukosuko ya kusini mwa Afrika walifika hadi Ufipa, na tawi lao, Watuta, likasonga hadi Unyamwezi. Kwao Mirambo alijifunza mbinu za vita. Rugaruga wake walikuwa vijana waliong'olewa makwao: mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa njiani. Watu ambao kila mtawala mwingine aliwaona kuwa takataka za barabara, yeye alijenga nao dola.

Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, wakiandamana na Henry Morton Stanley, walikwenda kumpiga. Walishambulia Ulyankulu, wakateka pembe na watu, na walipokuwa wakirudi na nyara zao Mirambo akawavizia na kuwasambaratisha. Muda mfupi baadaye aliuvamia mji wa Tabora na kuteketeza sehemu yake. Njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo. Mkondo wa watu ni kama maji: ukizibwa hapa, hutafuta bonde jingine. Jambo hilo wanaofunga mipaka leo hawajalikubali. Vita viliendelea hadi 1875, na Mirambo alitawala mpaka alipofariki Desemba 1884, miezi michache kabla Ravenstein hajachapisha kanuni zake.

Reli tutaipita haraka, kwani imekwisha kuandikwa sana. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya mpagazi ikafa, Bagamoyo ikasinyaa, na maduka yakahamia kwenye stesheni. Hata hivyo tungependa kusahihisha jambo moja linalorudiwa hata na vijana wetu, kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki ni wazao wa vibarua wa reli. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kweli, lakini kwa reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, na wengi mno walirudi kwao. Waliobaki hawakufika 7,000. Wenye maduka wa Tabora, Urambo na Kaliua walikuja kwa njia nyingine, ile ambayo wataalamu huiita mnyororo. Mjomba alifungua duka, akaandika barua Jamnagar au Porbandar, mpwa akaja, akalala juu ya magunia ya karanga miaka mitatu akijifunza Kinyamwezi, kisha akapewa bidhaa kwa mkopo akafungue duka lake stesheni ya mbele. Hakuna serikali iliyoupanga uhamaji huo. Uliendeshwa na barua, undugu na deni.

Wakati mpwa huyo akija, Mnyamwezi alikuwa anaondoka. Kodi ya Mjerumani, na baadaye ya Mwingereza, ilidai fedha taslimu, na fedha zilikuwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliokwenda huko kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Je, walihama kwa hiari? Walitia dole gumba kwenye mkataba, naam. Lakini kodi ilikuwa imekwisha kuwasukuma kabla ya mwajiri kuwavuta. Mgawanyo wa hiari na lazima, unaoonekana safi darasani, hapa unachuja kama kitenge cha bei rahisi.

Uhuru ulipokaribia, swali la mgeni ni nani liliingia bungeni. Oktoba 1961, wakati muswada wa uraia ukijadiliwa, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa watu weusi tu. Waziri Mkuu Julius Nyerere aliwapinga kwa ukali, akawa tayari kujiuzulu kuliko kuwa na taifa linalowapima watu kwa rangi. Sheria iliyopita ilimfanya raia moja kwa moja yule aliyezaliwa Tanganyika na mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika; wengine walipewa nafasi ya kujiandikisha. Katika nyumba za Wahindu ndugu waligawanyika: kaka alichukua uraia, mdogo wake akabaki na pasi ya Kiingereza "kwa tahadhari". Hatuwalaumu waliofanya hivyo, ingawa tahadhari hiyo ilikuja kutumiwa kama ushahidi dhidi yetu sote. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilipotaifishwa mwaka 1971, wengi walifunga masanduku.

Mwaka uliofuata, 1972, unapaswa kukumbukwa na jumuiya zetu mbili kwa pamoja. Agosti mwaka huo Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na jamaa za wengi wetu wakatawanyika. Wapatao 28,000 walipokelewa Uingereza. Miezi michache kabla, kuanzia mwisho wa Aprili, mauaji makubwa ya Wahutu yalitokea Burundi, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuingia Tanzania. Serikali iliwatengea misitu ya miombo, na Ulyankulu ilikuwa mojawapo ya makazi matatu makubwa, pamoja na Katumba na, baadaye, Mishamo. Mhindi wa Kampala aliondoka na sanduku moja na kupanda ndege. Mrundi wa 1972 aliondoka na mtoto mgongoni na kutembea. Hatuyalinganishi maumivu, tunasema tu kwamba waliondoka mwaka mmoja, kwa sababu ya jina la kabila au rangi waliyozaliwa nayo.

Msemo wetu wa nchi hii unasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ulyankulu walipewa jembe mapema. Walifyeka msitu, wakachongewa barabara zilizohesabiwa kwa namba, na mpaka leo Barabara ya 13 ni jina la mahali panapojulikana mkoa mzima. Walilima mahindi, maharage na tumbaku. Watu walipozidi uwezo wa maji na ardhi, maelfu walihamishwa tena kupelekwa Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970. Hawakuomba chakula cha msaada kwa miaka mingi. Waliuza chakula kwa wengine. Hata hivyo, kisheria walibaki wakimbizi, na ili kutoka nje ya makazi walihitaji kibali. Mtoto aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1975 alifikisha miaka 30 akiwa mkimbizi kutoka nchi ambayo hajapata kuiona.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi walikubaliana kulimaliza jambo hilo. Katika makazi matatu walihesabiwa watu wapatao 218,000, wakaulizwa kila mmoja: kurudi, au kuomba uraia? Takribani mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliobaki waliomba uraia, na mwaka 2010 zaidi ya 160,000 walikubaliwa. Ni nadra duniani nchi kuwapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mara moja, na tunaona fahari kuwa jambo hilo lilitendeka mkoani kwetu. Lakini palikuwa na sharti. Walitakiwa wahame tena, watawanywe katika mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Kwa takribani miaka minne watu hawa walikuwa wameuacha uraia wa Burundi na hawajaushika mkononi ule wa Tanzania. Shule na barabara za makazi zikasubiri, kwa kuwa nani angejenga mahali panapotarajiwa kuvunjwa? Mwishowe sharti liliondolewa, na Oktoba 2014, mkoani Tabora, Rais Jakaya Kikwete alikabidhi vyeti vya kwanza.

Tangu hapo wanaitwa "raia wapya". Tunalijua jina hilo, maana babu zetu waliitwa hivyo mwaka 1961, na tungependa kujua upya huo huisha lini. Mwenye umri wa miaka 50, aliyezaliwa, kuolewa na kuzika wazazi wake Ulyankulu, ni mpya kwa nani? Msukuma aliyeteremka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga miaka 20 iliyopita haitwi mpya, ingawa amefika baada yake. Kuvuka mstari uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji kunahesabiwa kuliko urefu wa safari.

Na mkondo wa kurudi wa Ravenstein unatupitia sisi sasa. Wajukuu wa wenye maduka wako Leicester na Toronto, na katika sikukuu ya Diwali idadi ya majirani wanaokuja kutazama taa aghalabu huzidi idadi ya waumini. Mji wa Tabora una Wahindu wachache kuliko ulivyokuwa nao siku ya uhuru. Hilo si msiba. Watu wa njia hufuata njia. Ila hati zinaondoka pamoja nao, na huko ziendako wasomaji wa Kigujarati cha zamani wanapungua.

Kwa hiyo tunaleta ombi. Hekalu limetenga kabati moja ofisini kwa ajili ya kuhifadhi nakala za barua, daftari za maduka, pasi za meli, vyeti vya kujiandikisha vya miaka ya 1960 na picha. Kabati hilo halikutengwa kwa Wahindu peke yao. Familia za Ulyankulu zenye vibali vya zamani vya kutoka makazini, kadi za ukimbizi au barua zilizotoka Burundi, na familia za Kinyamwezi zenye mikataba ya manamba, zinakaribishwa kuleta hati hizo zinakiliwe na kurudishiwa papo hapo. Katibu hupatikana ofisini kila Jumamosi asubuhi, na walio mbali wanaweza kumtumia mtu wa kuaminika.